Mashine Iliyofungwa na Ndugu Wawili

Mzee mmoja aliwaachia wanawe wawili mashine ya kusaga. Aliwajua walivyo, kwa hiyo hakumpa mmoja vyote: Mwakio alipewa ufunguo wa stoo ya dizeli, Mwandoe akapewa chuma cha kuzungushia injini, ili mmoja asiweze kusaga bila mwenzake. Mzee alidhani amewafunga pamoja. Kumbe kila mmoja alimpa njia ya kuzima.

Mwakio alitaka wajane wasagiwe bure na paa liezekwe upya. Mwandoe akasema dizeli inakwisha, tukigawa bure kesho tutasagia mate? Kila mmoja alikuwa na neno la haki, tusidanganyane. Lakini siku moja Mwakio akatia ufunguo mfukoni, Mwandoe akabeba chuma chake begani, kila mtu akaenda kwake kungoja mwenzake anyooshe mikono.

Na watu je? Wakagawanyika! Pale pale kwenye foleni, ndoo za mahindi miguuni, huyu anapiga kelele, "Kaza, Mwandoe, usilegee!" na yule anamjibu, "Wewe na bahili wako mtakula chuma!" Wakacheka, wakatukanana, wakarudi nyumbani na mahindi yao vile vile.

Mama mmoja wa pale kijijini, Wakesho, alikuwa na gunia zima la mahindi, na mtoto aliyeachishwa ziwa juzi, hata magego hana. Mahindi yapo, unga hakuna. Akatwanga kwenye kinu mpaka viganja vikachubuka, zikatoka chenga, mtoto akautapika ule uji, akabaki analia kile kilio cha chini kisicho na nguvu, na mama yeyote anakijua.

Ndipo alipoona moshi. Kwa Mwakio unapanda, kwa Mwandoe unapanda. Walikuwa wamejisagia kabla ya kufunga.

Aliogopa, lakini alimfunga mtoto mgongoni akaenda. Alipita nyumba kwa nyumba akiita wanawake wa pande zote mbili, wakajaa jikoni kwa Mwakio, wakajaa jikoni kwa Mwandoe, wakakaa chini kuzunguka mafiga. Mke wa Mwandoe aliposhika mwiko, Wakesho akamwambia Mwandoe pale mlangoni: "Shemeji, mkifunga mashine, fungeni na sufuria zenu."

Yule mke akautazama mwiko, akauweka chini, akaumwagia moto maji.

Kesho yake ufunguo na chuma vikarudi, injini ikanguruma. Si kwamba ndugu walipatana, hata kidogo. Waligombana juu ya wajane na paa wakiwa wamesimama kando ya mashine, wakipayuka ili wasikizane, na unga unashuka.

Basi nyinyi wakubwa mnaovutana juu ya matumizi ya fedha za umma, huyu wa chama hiki na yule wa kile, mkitutisha kwamba ofisi za serikali zitafungwa: kwenu leo mmesonga unga wa nani?