Kanga Kuukuu na Mtungi wa Wakubwa

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi ambazo kila mnyama alikuwa na nyumba yake, jiko lake na majirani wa kumsema, aliishi Bi Sange. Mnamjua sange? Ni yule mdogo wa kukaribia panya, mwenye pua ndefu inayocheza-cheza muda wote. Alikuwa mjane, na mtoto wake alikuwa mmoja tu, Kidawa.

Mwaka huo jua liliwaka bila huruma. Mto ukakauka, visima vikakauka. Maji machache yaliyobaki, Bwana Kifaru na shemeji yake, Bwana Nyati, waliyachota yote wakayatia katika mtungi mmoja mkubwa, kisha wakaketi kuulinda.

"Anayetaka maji aunyanyue mtungi!" alinguruma Kifaru. "Akishindwa, arudi kwao."

Nani angeuweza? Pundamilia alijaribu, akalala siku tatu kwa maumivu ya mgongo.

Kwa Bi Sange yalibaki maji kidogo kwenye bakuli, juu ya kinu. Alimwekea Kidawa, aliyekuwa na homa. Asubuhi moja alitoka kutafuta kuni. Aliporudi, lo! Bakuli kavu!

"Maskini mwanangu!" akalia. "Nani kaniibia?"

Akatazama huku na huku. Hakuna mtu. Ila kanga yake kuukuu ilikuwa imeanguka kutoka kwenye kamba, pindo moja ndani ya bakuli, pindo jingine likining'inia hadi chini. Na pale chini udongo ulikuwa umelowa.

Bi Sange akafuta machozi. Akaipapasa kanga kutoka pindo hadi pindo. Yote chapachapa! Maji yalikuwa yamepanda, yakavuka ukingo wa bakuli, yakashuka upande wa pili, na hakuna aliyeyasukuma. Mwili ukamsisimka. Miaka yote alifua nguo, na jambo hili hakuwahi kuliona.

Aliikamua kanga, akapata matone matatu ya kumtilia mtoto mdomoni. Kisha akaianika juani, na ilipokauka akashika njia, kanga begani, bakuli mkononi.

"Hodi, wakubwa zangu! Shikamooni!"

"Marahaba. Umekuja kuunyanyua?" Nyati akacheka, kwa! kwa! kwa!

"Kwa vikono hivi? Nauliza tu. Je, maji yakitoka yenyewe mtungini yakanifuata, nami sijaugusa mtungi, itakuwaje?"

"Maji yapande?" Kifaru akashika mbavu. "Yakipanda, yote yako! Naapa kwa pembe yangu."

"Na mimi kwa zangu mbili," akasema Nyati.

"Ahsanteni sana. Lakini jamani, mbona mtungi wa wakubwa uko wazi? Nyumba zenye heshima hufunika maji yao. Nzi wanaingia!"

Wakatazamana kwa aibu. Wakubwa hawa, wanangu, walipenda heshima kuliko chakula.

"Leta hiyo kanga," akasema Kifaru.

"Kuukuu hivyo?" Nyati akakunja pua. "Alete mpya!"

"Mpya ina dondo, ule wanga wa dukani, bwana, imekakamaa. Haitalala vizuri. Tandika mwenyewe, Bwana Kifaru, mimi sifiki. Chovya pindo moja ndani, upepo usiipeperushe. Hapo hapo!"

Kifaru akachovya, upande wa pili akauacha uning'inie hadi karibu na ardhi. Bi Sange akaweka bakuli chini yake, akaketi kando.

Doa la maji likaanza kupanda. Likafika ukingoni mwa mtungi, likasimama.

"Limechoka!" akapiga kelele Nyati.

Bi Sange akauma mdomo. Akilini alimwona Kidawa kule nyumbani mkekani, midomo imepasuka. Panda, akaomba kimoyomoyo, panda tafadhali.

Uzi mmoja ukalowa, ukakolea rangi. Ukafuata wa pili, wa tatu, wa kumi. Maji yakavuka ukingo, yakateremka polepole, yakipita katika vijia vidogo ambavyo jicho haliwezi kuviona. Kisha...

Tone!

Tone! Tone!

Hakuna aliyecheka. Hata Bi Sange, aliyelijua jambo lenyewe, alihisi machozi yakimlengalenga kwa uzuri wake.

"Rudini ndani!" Nyati akayafokea maji. Akayapuliza, fuuu! Maji hayakumsikia. Akainua mkono airarue kanga.

"Acha, shemeji!" Kifaru akamzuia. "Tumeapa."

Kifaru akapiga magoti, pu! Akainamisha kichwa chake kikubwa hadi pua ikakaribia kugusa nguo. Akatazama sana.

"Nina nguvu za kung'oa mti," akanong'ona, "na sijawahi kulipandisha tone moja la maji namna hii. Nani anayavuta, Bi Sange?"

"Nyuzi, bwana. Zinayavuta kidogo kidogo. Zaidi ya hapo hata mimi sijui."

Bakuli lilipojaa, Kifaru mwenyewe akalibeba hadi kwa Kidawa, akitembea kwa ncha za vidole, asimwage hata kidogo. Mtoto akanywa, gudu gudu gudu, akafumbua macho.

Basi kumbukeni, wanangu: wenye nguvu waliulinda mtungi mchana kutwa, lakini maji yote alipewa Bi Sange, aliyeipapasa kanga kuukuu akajiuliza.