Damu ya Mgonjwa Asiye na Jina

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, maana kompyuta zilikwisha kuingia hospitalini, walikuwako Tabora marafiki watatu waandishi wa programu: Zamda, Tumsifu na Nyamizi. Walitengeneza programu ya kuagiza damu. Ndani yake mlikuwa na amri iliyodai vigezo viwili: jina la mgonjwa na kundi lake la damu. Kimoja kikikosekana, amri inagoma.

Zamda akauliza, “Na asiyeweza kutaja jina?” Akaandika amri ya pili, yenye jina lilelile la ile ya kwanza, ila isiyodai jina la mgonjwa.

Tumsifu akauliza, “Na asiyejulikana kundi?” Akakifanya kigezo hicho kiwe cha hiari: kisipotajwa, programu yenyewe ichague O hasi, damu inayowafaa karibu watu wote.

Nyamizi akaijaribu kazi ya wenzake. Programu ikazima! Ilipofika kuchapa lebo ya chupa, ilitafuta jina, haikuliona. Akaiagiza: jina lisipokuwepo, andika “Hajulikani”, uendelee.

Basi mchana mmoja Sikitu, msafiri mjamzito, alianguka stendi. Damu zinamtoka, fahamu hana, mkoba umeibwa. Muuguzi akatuma ombi bila jina, bila kundi. Damu ikaja. Sikitu alipofumbua macho alisikia kitoto kikilia pembeni yake, cha kike, akalia naye.

Wale watatu waliposikia wakaja kumwona, wamembebea uji wa ulezi. Sikitu, aliyekwisha kuelezwa na muuguzi kazi yao, akawashika mikono mmoja mmoja.

“Dada zangu, kwetu mtoto huitwa jina la aliyemwokoa. Jina ni moja. Nimpe la nani?”

Zamda akasema, “Langu, mpenzi. Bila amri yangu, ombi lako lisingepokelewa.”

Tumsifu akasema, “Lingepokelewa, halafu? Mimi ndiye niliyechagua damu iliyoingia mwilini mwako.”

Nyamizi akacheka, mtoto yuko mikononi mwake. “Hawa nawapenda, lakini kazi yao ilizima mbele ya macho yangu. Chupa isingetoka.”

“Na ingezima nini kama tusingeandika?” Zamda akamtania, akimfuta mtoto mate.

Sikitu akawatazama. Kila mmoja alimpenda, na kila mmoja alisema kweli. Karani wa vizazi alikuwa mlangoni, anangoja.

Haya, nyie mnaonisikiliza, msimwache mama wa watu peke yake: mtoto yule alistahili kuitwa nani?