Chupa ya Mishi

Nawafungulia mlango wa zamani, wajukuu zangu.

"Fungua, Bibi, tuingie!"

Ingieni. Lakini hiyo chupa mliyoichimba uani iwekeni hapa mapajani mwangu. Msiigombanie. Mnataka kujua ni ya nani na ni ya lini. Sikilizeni kwanza.

Hapo kale, kabla ya babu wa babu yenu, mji huu ulijengwa kwa mawe ya matumbawe, na kila nyumba ilikuwa na shimo la taka uani. Majivu, mifupa ya samaki, vigae, vyote shimoni. Na chupa. Si za kioo. Zilikuwa za udongo uliochomwa kwa moto mkali mpaka ukawa kama jiwe. Wageni walizileta na vinywaji vyao, wakanywa, wakaziacha.

Mtoto akizaliwa, maji ya kumwogesha yaliyochemshwa na majani yaliwekwa katika chupa ya namna hiyo. Siku ya arobaini baba aliichora alama kwa msumari, akaiziba, akaitumbukiza shimoni ikiwa nzima. Alama aliijua baba, na mtoto aliambiwa akishapata akili. Mama hakuambiwa. Msiniulize kwa nini. Ndivyo walivyofanya.

Sasa, palikuwa na mwanamke akiitwa Mwanasiti, na mumewe Mbaraka, na binti yao mmoja, Mishi. Mishi alikuwa bado anang'oka meno ya utoto alipokwenda kisimani asirudi. Watekaji walipita siku ile. Ndoo ilikutwa kisimani imesimama, ina maji.

Mwanasiti akaugua, akalala kitandani mwezi mzima. Alipoinuka, akaanza kungoja. Masika ikaja, akangoja. Kipupwe kikaja, akangoja. Mbaraka akafa, akangoja. Macho yakapofuka, akangoja. Mnasikia?

"Tunasikia, Bibi!"

Wakaja wanawake wawili, kila mmoja kwa wakati wake. Kila mmoja alisema, "Mama, mimi ndiye Mishi." Kila mmoja alikula, akavikwa, akaondoka alfajiri na bangili za fedha za mwenye nyumba. Basi alipokuja wa tatu, mwenye mvi kichwani na Kiswahili kilichochanganyika na lugha ya bara, Mwanasiti hakuinuka mkekani.

"Hodi," mgeni alisema.

"Karibu. Bangili zimekwisha."

"Sikufuata bangili, Mama. Ni mimi, Mishi."

"Mishi wa tatu huyu," alisema Chande, mtoto wa kaka yake Mwanasiti, aliyekuwa akimtunza. "Shangazi, mwaka huu tuna mavuno ya kina Mishi."

"Nyamaza, Chande. Wewe mwanamke, unakumbuka nini?"

"Kidogo. Nakumbuka baba akinibeba begani. Aliniambia chupa yangu ameichora chanuo. Jino la mwisho lilikosa nafasi, msumari ukagonga mkono wa chupa, likapinda."

Mwanasiti aligeuza uso upande wa Chande. Kisha akasema, "Chande, chukua jembe."

Chande akachimba. Kila chupa aliyoitoa alimpelekea shangazi yake, naye aliisoma kwa vidole. Alizijua. Za kale zilikuwa na ngozi yenye vijipele kama ganda la chungwa, kwa ajili ya chumvi waliyoumwagia moto wakati wa kuchoma. Midomo yake ilikwenda upande. Na pale mkono wa chupa ulipobandikwa, palibaki alama ya dole gumba la mfinyanzi. Za baadaye zilikuwa laini, zimenyooka, zimetoka kwenye kalibu, zote umbo moja.

"Hii changa," alisema, akaiweka kando.

"Na hii?"

"Changa."

"Hii je, Shangazi? Ina muhuri."

"Laini kama shavu lako. Changa. Chimba!"

Mgeni alikaa ukingoni mwa shimo, mikono magotini. Kila chupa ilipotoka aliinua kichwa. Kila iliposemwa changa alikiinamisha.

Mwisho jembe likalia ngaa! Chande akainama, akaona weupe. Akagonga tena. Ngaa!

"Mwamba, Shangazi. Shimo limekwisha."

Mji ule ulikaa juu ya mwamba mweupe, na kila mchimba kisima aliujua mlio wake. Hakuna aliyebisha.

"Basi haipo," alisema Mwanasiti. Sauti yake haikupanda. "Wewe si wangu. Nenda."

"Mama, nimetembea kutoka mbali."

"Na wale wawili walitembea. Nenda."

Akaenda. Chande alimpa muhogo wa njiani, akaupokea kwa mikono miwili.

Masika iliyofuata mvua ilinyesha mpaka ukingo wa shimo ukaporomoka. Asubuhi Chande aliuona ule mwamba umevunjika kama ganda la yai. Chini yake palikuwa na majivu, na chini ya majivu, chupa.

"Shangazi! Haukuwa mwamba. Ni chokaa. Mtu aliimwaga akaishindilia."

Mwanasiti akaipokea. Vijipele vya chungwa. Mdomo uliokwenda upande. Dole gumba. Kisha kidole kikafika begani mwa chupa, kikapita jino, na jino, na jino, kikafika lile lililopinda. Kikasimama hapo.

Mnajua, siku hizo aliyepotelewa na mtoto asipate maiti alilifunika shimo la nyumba kwa majivu na chokaa. Hilo ndilo lilikuwa kaburi. Mbaraka alilifunika wakati ule mkewe alipokuwa mgonjwa kitandani, kisha hakumwambia, asije akamvunja moyo.

"Alimzika," alisema Mwanasiti, "akaniacha ningoje."

Chande akatoka mbio kuelekea njia ya bara. Aliuliza kwenye kambi ya wasafiri, akauliza kwenye soko la njiani. Walimkumbuka. Walisema walimuuliza mgeni yule kwao ni wapi, akajibu kwamba hana kwao. Zaidi ya soko lile hakuna aliyemwona.

Mwanasiti akaiosha chupa, akaijaza maji, akaiweka mlangoni. Kila mwanamke aliyepita na kiu hakupewa kikombe, alipewa chupa. Naye Mwanasiti alisikiliza kama mkono utasimama begani mwa chupa, penye lile jino lililopinda. Wakanywa wengi, wakashukuru, wakaenda. Hakuna mkono uliosimama. Hata alipokufa, chupa ilikuwa pale pale mlangoni, imejaa.

"Bibi, ndiyo hii?"

Lete kidole chako. Pitisha hapa. Unaonaje?

"Laini."

Ni changa basi. Mwanasiti alizijua chupa kuliko wote, na chupa zilimwambia kweli: zote zilikuwa changa. Maana yake za kale zilikuwa bado chini. Yeye akaona maana yake ni kwamba mwanawe hayupo. Wanangu, msimfukuze mtu mlangoni kwa sababu jembe limelia. Inameni, muutazame huo mwamba.

Haya, mlango wa zamani naufunga.

"Funga, Bibi, tumetoka."

Mmetoka wote? Basi jazeni hiyo chupa maji, muiweke mlangoni.