Santuri ya Zakayo arap Maritim

Mjini Londiani, Kibet arap Sitonik alikuwa na kampuni ndogo ya santuri za muziki wa kantri, iliyoitwa Kondoo Mweupe. Alikuwa amepanga chumba cha Zakayo arap Maritim, tajiri wa mahindi.

“Sitonik, mwisho wa mwezi utoke. Nataka ghala.”

“Nitatoka, mzee. Lakini kwanza niirekodi sauti yako. Jumapili ulipoimba kanisani, nililia.”

“Kumbe uliisikia!”

“Maneno nimeshaandika. Mwimbaji wa kantri hutaja majina ya kweli, na huilia mali iliyomtoka.”

Maritim aliimba, akalia vizuri sana.

Mwezi ukaisha, Sitonik hakutoka. Maritim alimshtaki kwa chifu, na Sitonik akaja na gramafoni. Santuri ikaimba: “Mimi Zakayo arap Maritim, chumba changu cha Londiani nimempa Sitonik, akae bure mpaka azeeke, uuuwi!”

“Nani huyu?” chifu aliuliza.

“Sina hakika,” Sitonik alijibu. “Labda ni Lelgo wa bucha. Mzee Maritim hawezi kuimba hivi.”

Maritim aliruka kitini. “Lelgo? Lelgo hulia kama mbuzi! Chifu, andika: sauti hiyo ni yangu, na kila neno ni langu!”

Chifu akaandika hivyo hivyo.