Mboga Isiyokubali Kuliwa Bila Limau

Chungu motoni!
— Kitokote!
Njaa mlangoni!
— Ingoje!

Basi ingoje, nami niwape. Kilikuwa kipupwe, baridi ya kugonganisha meno. Bi Pimbi, mnyama mdogo asiye na mkia, alikuwa ameungojea msimu huo mwaka mzima, maana ndipo kabichi hufunga, karoti huwa tamu na malimau huiva. Aliteleka chungu uani, kando ya bustani yake na mlimau wake, hatua kumi tu kutoka ufa wa mwamba anamolala. Tokota-tokota-tokota! Akainama aonje.

Puu! Chui huyo, mgongoni kwake.

"Unapika nini, dada?"

"Mboga, mjomba. Karibu."

"Nimekaribia. Ila mboga ninayoiona mimi ni wewe!"

Moyo wa Bi Pimbi, du-du-du! Aliogopa kwelikweli. Ufa anauona, na kucha ziko mgongoni. Lakini neno lile likamkaa kichwani. Kama yeye ni mboga, basi na apikwe kama mboga.

"Sawa, mjomba. Mboga inapikwa bila karoti?"

"Si zimo chunguni?"

"Hizo zilikuwa za kuliwa na mimi, si za kuliwa pamoja na mimi!"

Chui akang'oa karoti kwa mkono mmoja, wa pili umemkandamiza. Ng'o!

"Mboga inapikwa bila kabichi?"

Chui akakata kabichi kwa meno. Kwachu! Kucha hazikulegea.

"Na mboga inaliwa bila limau?"

Chui akautazama mlimau. Yaliyoiva yalikuwa kileleni. "Nitapanda nawe mdomoni."

"Na mate hayo? Utanimeza kabla ya tawi la kwanza, ujute."

Chui akafikiri, akaona kweli. "Basi kaa hapa uimbe. Ukinyamaza, nashuka, nakutafuna mbichi."

"Tokota, mboga, tokota!" akaimba Bi Pimbi. Chui akapanda. Miiba, chwi! Majani ni mazito, haoni, anasikia tu.

"Tokota, mboga, tokota!" Bi Pimbi hatua moja kuelekea ufani. Chwi! "Tokota, mboga, tokota!" Hatua mbili. Miguu ilitaka kukimbia, lakini akikimbia sauti itakatika. Akajikaza, akikokota chungu kwa matambara. Kukiacha? Thubutu!

Kileleni limau likamponyoka Chui. Pu! Likabingirika hadi kwenye mwamba.

"Wewe mboga! Limau hilo!"

"Nimelipata, mjomba-mba-mba!" Sauti ilitoka ndani ya ufa.

Chui akaruka chini, akatua juu ya miiba iliyomjaa nyayoni. Wuui! Akachechemea hadi ufani, akaingiza mkono. Haupiti. Kilichotoka ni harufu ya limau tu.

"Mjomba," akasema Bi Pimbi, mdomo umejaa, "kweli bila limau isingelika."

Chungu motoni?
— Kimeepuliwa!

Na funzo lake, wapendwa, ni kwamba mboga ni hatari kwa afya. Kama hamniamini, kamwulizeni Chui. Bado anajing'oa miiba.