Bi Kamongo Alala Siku Tatu Mlimani

Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti zimelegea, hamjala? Paukwa!

Pakawa!

Ehee, sasa najua nina watu.

Hapo zamani, zamani sana, Nyani aliziba chemchemi ya mlimani kwa mawe, na bwawa la samaki huko bondeni likaanza kukauka. Samaki wakalalamika. Nyani akawajibu, "Kwetu mwenye neno huja akalala siku tatu, ndipo husikilizwa. Karibuni basi!" Akacheka mpaka akashika mbavu.

Akaenda Perege na madaha yake, amebebwa na Kobe. Akaketi juu ya jiwe kama wenyeji. Hata jua halijapanda, Kobe akamrudisha mgongoni, hoi.

Akaenda Kambale na sharubu zake. Akalala kwenye majani kama wenyeji. Siku ya pili akarudishwa, hoi zaidi.

"Nitakwenda mimi," akasema Bi Kamongo, samaki mzee mwenye mapafu.

"Bibi wee, utakufa!" Perege akalia.

"Mimi ni wa ukoo wa Kamongo, mwanangu. Sisi kitanda chetu tunacho mwilini."

Akapanda. Nyani akamuuliza, kama ilivyo desturi, "Mgeni, tukutandikie wapi?"

"Hapo hapo kwenye tope. Panatosha."

Nyani na watu wake wakacheka! Bi Kamongo akachimba, akajikunja, akajifunika ute wake mwenyewe, akaacha kitundu cha kupumulia. Kiu ikamuuma. Akawakumbuka wajukuu zake wanavyogaragara kwenye maji haba, akavumilia.

Siku ya kwanza, tope likakauka. "Mgeni, upo?" Kimya.

Siku ya pili, likapasuka. "Mgeni, upo?" Kimya.

Siku ya tatu, likawa gumu kama tofali. "Mgeni, upo?" Kimya.

"Amekufa!" Nyani akashangilia. Kisha akaona haya. Nyani ana visa vyake, lakini kwake mgeni hazikwi bila kuoshwa. "Mfukueni. Leteni maji tumwoshe."

Kata ya kwanza, tope likalainika. Kata ya pili, ute ukayeyuka. Kata ya tatu, maiti akafumbua macho.

"Hamjambo, wenyeji! Maji matamu haya. Ya chemchemi yetu, siyo?"

Lo! Waoshaji wakatimua mbio, kata zikaruka huku na huku. Nyani akabaki peke yake.

"Nimelala siku tatu," akasema Bi Kamongo. "Sasa nina neno. Ondoa mawe."

Sheria ni yake mwenyewe, angesema nini? Akayaondoa moja moja, jasho likimtoka. Maji yakashuka, na Bi Kamongo akashuka nayo, kichwa juu, mpaka bondeni kwa wajukuu zake. Walimpigia vigelegele hadi mlimani vikasikika.

Basi, enyi mnaokwenda ugenini kusikofaa miili yenu, msikilizeni bibi huyu. Perege na Kambale walilala kama wenyeji, wakashindwa. Yeye alilala kama kwao, na hakuona haya.

Hadithi yangu naiacha hapo kwenye tope. Aliyeipenda aichukue, na aliyesinzia tutamwagia kata tatu.