Mtwangaji wa Kinu Kitupu

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa na ukuta mmoja, huku mtu, huku mtu.

Hapo kale palikuwa na mjane, Bi Mwatime. Alikuwa akikaa eda, hatoki nje. Hitma ilipokwisha, waombolezaji wakaenda zao. Chakula majirani waliacha kizingitini, wakapita kimya, ati wasimsumbue. Upweke ukamla yule mama, jamani, ukamla kweli.

Nyuma ya ukuta alikaa Chilongani, msokota kamba kutoka Ugogo, Mkristo peke yake mtaa mzima. Kila asubuhi alipiga zeze akimwimbia Mungu wake. Siku ya kwanza Bi Mwatime alisikia. Siku ya pili akasubiri. Siku ya tatu akalia, na kilio kile kikampoza.

Sasa sikilizeni wema wa majirani! Bi Tatu wa nyumba ya mbele akamwendea Chilongani, akamwambia hapa pana msiba, zeze la nini? Chilongani akaona haya, akaomba radhi, akalitundika zeze. Bi Tatu akarudi kifua mbele. Mnamcheka? Hata nyinyi mngefanya vivyo hivyo.

Ng'ambo ya ukuta Bi Mwatime aliyasikia yote. Kukawa kimya. Mjane haimbi, wala hamwiti mwanamume asiye wake. Lakini kutwanga, nani amekataza? Akaburura kinu hadi ukutani. Twa, twa-twa, twa! Mapigo yaleyale ya zeze.

Siku ya kwanza, kimya. Siku ya pili, kimya. Siku ya tatu Chilongani akalitungua zeze, akaitikia.

Bi Tatu akaja mbio. Akachungulia kinuni, hamna hata punje.

“Mwenzangu, unatwanga nini?”

“Natwanga upweke, Bi Tatu. Wiki ya nane hii tangu hitma, na wewe ndiye wa kwanza kuingia. Yule ana dini yake, nami nina yangu, lakini ndiye aliyekaa matanga nami. Ukimnyamazisha tena, uje uniimbie wewe.”

 Bi Tatu akavua viatu, akaketi. Sauti ya kuimba hakuwa nayo, basi akaomba mchi wa pili.

Chilongani, peke yake kule nyuma, akasikia michi miwili. Akaendelea kupiga zeze.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Ikiwa tamu, mpelekeeni jirani. Ikiwa chungu, niachieni mwenyewe.